Neva za mgongo zinapobanwa na tiba ikachelewa: Dai la uzembe hupimwaje?

MAUMIVU ya mgongo ni miongoni mwa malalamishi ambayo wahudumu wa afya huyasikia kila siku. Mkulima huyapata akipalilia, dereva wa matatu akishinda kwenye usukani, mchukuzi akibeba magunia, na karani akiinamia meza. Wengi wao hupewa dawa za kutuliza maumivu, wakashauriwa wasibebe mizigo mizito kwa muda, na baada ya majuma machache wakapata nafuu. Hakuna kosa katika hilo, kwa kuwa hivyo ndivyo maumivu ya kawaida ya mgongo yanavyostahili kutibiwa.

Hata hivyo, kwa nadra, miongoni mwa wagonjwa hao hutokea mmoja ambaye maumivu yake si ya kawaida. Neva zilizo sehemu ya chini ya mgongo wake zimebanwa, na kila saa inayopita inazidi kuzidhoofisha. Asipofanyiwa upasuaji wa dharura, huenda akaishi maisha yake yote akitolewa mkojo kwa mpira, akivaa nepi, akitembea kwa shida au asitembee kabisa, na akiwa amepoteza uwezo wa kushiriki tendo la ndoa.

Mgonjwa wa aina hii anaporudishwa nyumbani na vidonge kisha akalemaa, jamaa zake huuliza swali moja: Je, tunaweza kuishtaki hospitali?

Swali hilo lina jibu, lakini si jepesi. Sheria haimlipi mtu fidia kwa sababu tu ameumia, wala haimwadhibu daktari kwa sababu tu mgonjwa hakupona. Inachotaka kujua ni tofauti kati ya hali mbili: vile mgonjwa alivyo leo, na vile ambavyo angekuwa lau angetibiwa kwa wakati. Tofauti hiyo ndiyo dai lenyewe. Isipopatikana, hakuna cha kulipwa, hata kama hospitali ilikosea.

Mkia wa farasi

Ili kuelewa kwa nini saa zina uzito mkubwa hivi, yafaa kwanza kuelewa maumbile ya mgongo.

Uti wa mgongo umeundwa kwa pingili za mifupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, ambacho wengi hukiita diski, kinachozuia mifupa isisagane. Ndani ya mfereji unaopita katika pingili hizo mna ugwe wa neva utokao kwenye ubongo. Kwa mtu mzima, ugwe huo haufiki mwisho wa mgongo. Hukoma sehemu ya juu ya kiuno. Kuanzia hapo kwenda chini, mfereji una nyuzi za neva zinazoning'inia mfano wa singa za mkia wa farasi, na hilo ndilo jina ambalo wataalamu wa kale waliziita kwa Kilatini.

Nyuzi hizo ndizo zinazopeleka na kurudisha habari za miguu, kibofu cha mkojo, njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Diski ikichomoza na kuujaza mfereji, nyuzi hubanwa, damu haizifikii ipasavyo, na huanza kufa. Diski ndiyo sababu ya kawaida zaidi, lakini si ya pekee. Uvimbe wa saratani, jipu, damu iliyovilia, mfupa uliovunjika katika ajali, na hata kifua kikuu cha uti wa mgongo huweza kuleta madhara yayo hayo.

Dalili za hatari zinajulikana. Maumivu hushuka katika miguu yote miwili badala ya mmoja. Miguu hulegea. Ganzi huingia kwenye makalio, sehemu za siri na upande wa ndani wa mapaja, yaani pale panapogusa tandiko mtu anapopanda baiskeli. Mgonjwa hahisi anapojipanguza msalani. Mkojo hutoka kwa kusukuma, au hautoki, au hudondoka bila yeye kujua. Haja kubwa pia hukwama au kutoka bila hiari. Si lazima dalili zote zionekane kwa pamoja.

Madaktari huigawa hali hii katika hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, kibofu kimeanza kulegea lakini mgonjwa bado anaweza kwenda haja ndogo, ingawa kwa taabu. Katika hatua ya pili, kibofu kimepooza. Mkojo hujaa ukafurika wenyewe. Kwa jumla, anayepasuliwa akiwa katika hatua ya kwanza huwa na matumaini mema zaidi ya kukihifadhi kibofu chake kuliko yule aliyefika hatua ya pili. Msomaji na aukumbuke mpaka huo kati ya hatua mbili, kwa maana ndipo kesi nyingi za aina hii hushinda au kushindwa.

Kuhusu muda wenyewe, uchanganuzi uliochapishwa mwaka wa 2000 na kujumuisha wagonjwa 322 ulionyesha kwamba waliopasuliwa ndani ya saa 48 walipata nafuu bora kuliko waliocheleweshwa zaidi. Wataalamu wengine waliupinga mpaka huo, wakisema kwamba neva hazingoji saa 48 ndipo zianze kuharibika, na kwamba kanuni iliyo sahihi ni kupasua mapema iwezekanavyo. Nchini Uingereza, mwongozo wa kitaifa uliotolewa mwaka wa 2023 unataka picha ya MRI ipigwe ndani ya saa nne tangu iagizwe. Mwongozo huo hauifungi hospitali ya Kenya, ila unadhihirisha jinsi taaluma yenyewe inavyoichukulia dharura hii.

Maswali manne ya sheria

Sheria ya uzembe inayotumika Kenya ilitokana na sheria ya Uingereza iliyojengwa kwa hukumu za majaji, na ndiyo maana mawakili wetu hunukuu kesi za huko hadi leo. Mdai sharti ayajibu maswali manne, na akishindwa na moja, dai lote huanguka. Mzigo wa kuthibitisha ni wake yeye, ingawa hatakiwi kuondoa shaka yote kama ilivyo katika kesi ya jinai. Inatosha aonyeshe kwamba analosema lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Swali la kwanza ni iwapo hospitali ilikuwa na wajibu kwa mgonjwa. Mara nyingi hili halina ubishi. Pindi mgonjwa anapopokelewa, wajibu umezaliwa, na hospitali huwajibika kwa makosa ya waajiriwa wake wakiwa kazini. Kwa kuwa hospitali nyingi za umma ziko chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, anayeshtakiwa huwa ni serikali ya kaunti husika. Katika hospitali za kibinafsi, yafaa kuuliza kama daktari ni mwajiriwa au ni mtaalamu aliyekodi chumba tu, kwa kuwa jibu litaamua ni nani wa kushtakiwa.

Swali la pili ni iwapo wajibu huo ulikiukwa. Kipimo kilitolewa mwaka wa 1957 katika kesi ya Bolam: daktari hana hatia ya uzembe ikiwa alitenda kulingana na utaratibu unaokubaliwa na kundi la madaktari wenye ujuzi katika fani hiyo. Mwaka wa 1997, katika kesi ya Bolitho, majaji wakuu wa Uingereza waliongeza kwamba maoni ya kundi hilo sharti yawe na mantiki. Haitoshi madaktari kadhaa kufika kortini na kusema kwamba wao pia wangefanya vivyo hivyo.

Kwa hivyo, afisa wa kliniki katika hospitali ndogo halaumiwi kwa kutompasua mgonjwa mgongo. Hiyo si kazi yake. Lakini hutarajiwa kuuliza kuhusu mkojo, haja kubwa na ganzi. Kupima nguvu za miguu. Kugusa ngozi ya sehemu zinazohusika. Na akishuku, kumpa mgonjwa rufaa bila kukawia. Vivyo hivyo, hospitali isiyo na mashine ya MRI hailaumiwi kwa kutokuwa nayo. Hulaumiwa kwa kumlaza mgonjwa siku mbili ikijua kwamba haina, badala ya kumpeleka kwenye mashine. Na hata anayerudishwa nyumbani kwa haki anastahili kuambiwa ni dalili zipi zikitokea arejee mbio.

Swali la tatu, ambalo ndilo gumu zaidi, ni iwapo kosa hilo ndilo lililosababisha madhara. Kesi mbili za Uingereza huonyesha ugumu wake. Katika ya kwanza, iliyoamuliwa miaka ya 1960, walinzi watatu wa usiku walifika hospitalini wakitapika baada ya kunywa chai. Daktari wa zamu hakuwaona; aliagiza waende nyumbani. Mmoja alifariki baada ya saa chache, na ikabainika kuwa chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Korti ilisema hospitali ilikosea, lakini dai likatupwa, kwa kuwa sumu ingemwua hata angelazwa mara moja.

Katika ya pili, iliyoamuliwa mwaka wa 1987, mvulana wa miaka 13 alianguka kutoka mtini akaumia nyonga, na hospitali ikakosa kuligundua jeraha kwa siku tano. Ilithibitika kwamba hata angetibiwa papo hapo, alikuwa na asilimia 25 tu ya uwezekano wa kupona. Majaji walikataa kumlipa hata robo ya fidia kwa ulemavu huo. Kwa maoni yao, aliyekuwa na uwezekano chini ya nusu hakuwa amethibitisha kwamba kuchelewa ndiko kulikomlemaza.

Swali la nne ni madhara yenyewe na thamani yake, tutakalolijadili baadaye.

Kuhesabu saa

Hebu tuchukue mfano wa kubuni tuone maswali haya yanavyofanya kazi.

Mchukuzi wa miaka 38 anainua gunia sokoni Jumatatu asubuhi na kuhisi mgongo ukikatika. Alasiri anafika katika hospitali ya kaunti ndogo akiwa na maumivu katika mguu mmoja. Mkojo unatoka vyema. Anapewa dawa na kwenda nyumbani.

Jumanne saa mbili usiku anarejea. Sasa miguu yote miwili inauma, makalio yamekufa ganzi, na anakojoa kwa kusukuma. Aliyemhudumia anaandika "maumivu ya mgongo", anamdunga sindano na kumruhusu aende zake.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, mkojo unakwama kabisa. Saa mbili asubuhi analazwa na kuwekewa mpira. Picha ya MRI inapigwa Ijumaa jioni katika mji mwingine, na upasuaji unafanywa Jumamosi asubuhi. Miezi sita baadaye anatembea kwa mkongojo, na kibofu hakijarudi.

Jamaa zake wakisimulia kisa hiki, watakachokitaja kwa uchungu ni siku mbili za Alhamisi hadi Jumamosi: mgonjwa alilala wodini akilia, ambulensi haikuwa na mafuta, hakuna aliyejali. Hasira yao ni ya haki. Lakini kisheria, siku hizo mbili huenda ndizo sehemu dhaifu zaidi ya dai. Kufikia Alhamisi alfajiri kibofu kilikuwa kimeshapooza, yaani mgonjwa alikuwa katika hatua ya pili. Mawakili wa hospitali watamleta mtaalamu atakayesema kwamba hata angepasuliwa siku hiyo hiyo, huenda hali yake isingekuwa tofauti. Mtaalamu wa mdai atapinga, na korti italazimika kuchagua kati yao.

Jumatatu nayo haisaidii sana. Maumivu ya mguu mmoja pasipo dalili nyingine hayamlazimu mhudumu kuagiza picha.

Uzito wote uko Jumanne usiku. Mgonjwa alikuwa na dalili tatu za hatari, na bado alikuwa katika hatua ya kwanza. Kutoka saa hiyo hadi mkojo ulipokwama zilipita saa 33. Lau angeulizwa maswali, akapimwa na kupewa rufaa usiku huo, je, angefika katika hospitali kubwa, akapigwa picha na kupasuliwa kabla ya saa hizo kwisha? Mdai akithibitisha kwamba yaelekea ndiyo, na daktari wa upasuaji akaeleza kwamba wagonjwa wa hatua hiyo wakitibiwa mapema kwa kawaida huhifadhi kibofu, ana dai lenye miguu. Uchunguzi wa dakika chache ambao haukufanywa Jumanne unaweza kuwa na thamani kubwa kortini kuliko siku mbili za mateso wodini.

Upande wa pili hautakaa kimya. Utauliza barabara ilikuwaje, chumba cha upasuaji kilikuwa wazi, daktari wa mgongo alikuwepo? Kwa sababu hiyo, mdai hana budi kuthibitisha hata yale ambayo hayakutokea: umbali wa hospitali ya rufaa, na huduma zilizokuwepo usiku ule. Utauliza pia mgonjwa mwenyewe alifanya nini. Ikibainika kwamba ganzi ilianza Jumanne alfajiri naye akashinda kwa mkandaji hadi usiku, korti inaweza kumtwika sehemu ya lawama na kupunguza fidia kwa kadiri hiyo.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kesi ya namna hii, daftari ndiyo mali yenyewe. Dai linalotegemea saa haliwezi kusimama kwa kumbukumbu za mdomo zinazotolewa miaka mitatu au minne baadaye.

Kipengele cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na zile zilizo kwa mtu mwingine ikiwa anazihitaji ili kulinda haki yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zinaipa haki hiyo nguvu zaidi. Mgonjwa, au anayemwakilisha kisheria, aombe nakala kwa barua, abaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri, na ataje anachotaka: kadi ya wagonjwa wa nje, maandishi ya daktari na ya wauguzi, chati ya maji yaliyoingia na mkojo uliotoka, barua ya rufaa, picha ya MRI na ripoti yake, maandishi ya chumba cha upasuaji, na muhtasari wa kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Chati ya mkojo hudharauliwa na wengi, ilhali ndiyo huonyesha ni saa ngapi kibofu kilikoma kufanya kazi. Picha ya MRI nayo huwa na tarehe na saa ndani yake.

Ushahidi mwingine uko katika simu ya mgonjwa mwenyewe. Ujumbe wa M-Pesa wa kulipia teksi au dawa huonyesha siku na saa. Ujumbe aliomwandikia nduguye kwamba hahisi makalio unaweza kuthibitisha dalili ambayo hospitali haikuiandika. Jumbe hizo zisifutwe, na wakili aelezwe mapema ili aandae cheti kinachohitajika kisheria kwa ushahidi wa kielektroniki.

Baada ya stakabadhi huja wataalamu, na aghalabu mmoja hatoshi. Mwenye kazi sawa na ile ya aliyemhudumia mgonjwa ndiye awezaye kusema kama kazi ilifanywa inavyostahili. Daktari wa upasuaji wa mgongo ndiye awezaye kusema tiba ya mapema ingebadilisha nini. Si rahisi kumpata daktari aliye tayari kumkosoa mwenzake hadharani, na ripoti hugharimu pesa. Lakini wakili anayewasilisha kesi kabla ya kupata ripoti hizo anacheza bahati nasibu kwa gharama ya mteja wake.

Thamani ya madhara

Fidia hugawanywa katika mafungu. La kwanza ni gharama zilizokwisha kutumika, ambazo sharti zitajwe moja moja katika hati ya madai na kuthibitishwa kwa risiti. Asiye na risiti hujikuta amepoteza pesa alizotumia kweli. La pili ni maumivu, mateso na kupotewa na raha za maisha, ambapo majaji hulinganisha na fidia zilizotolewa katika kesi za awali zenye majeraha yanayokaribiana. La tatu ni gharama za siku zijazo: mipira ya mkojo, nepi, dawa, tiba ya viungo, kiti cha magurudumu na msaidizi wa nyumbani. La nne ni mapato, au uwezo wa kuyapata.

Hapa tena ile tofauti ya hali mbili hurejea. Mchukuzi wetu, hata angepasuliwa Jumatano, huenda asingebeba gunia tena. Diski yake ilipasuka sokoni, si hospitalini. Kwa hivyo, hospitali hailipi kwa kuvunjika kwa mgongo wake, bali kwa kile ambacho kuchelewa kuliongeza: kibofu, mkongojo, na ndoa iliyotikisika. Anayedai yote hujidhoofisha, kwa kuwa anawapa wapinzani sehemu nyepesi ya kushambulia.

Hakimu mkuu anaweza kusikiza kesi ya madai ya hadi Sh20 milioni. Dai linalozidi hapo hupelekwa Mahakama Kuu.

Miezi kumi na miwili

Kuna adui mwingine asiyehusiana na udaktari, naye ni kalenda. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, dai la uzembe linapaswa kuwasilishwa ndani ya miaka mitatu. Lakini sheria nyingine, inayohusu mamlaka za umma, inataka dai la aina hiyo dhidi ya Serikali au serikali ya mtaa liwasilishwe ndani ya miezi 12.

Maana yake ni kwamba mgonjwa wa hospitali ya umma, ambaye mara nyingi ndiye maskini zaidi, ana muda mfupi zaidi. Miezi sita ya kwanza huitumia kitandani. Mingine huitumia akitumaini kwamba neva zitaamka, kwa kuwa daktari alimwambia asubiri. Anapokuja kukata tamaa, mlango wa korti umefungwa. Sheria inaruhusu muda kuongezwa katika hali fulani, hasa mtu anapokuwa hakujua mambo muhimu kuhusu jeraha lake; kutoijua sheria si kisingizio. Nyongeza hiyo si ya kutegemewa, hasa dhidi ya Serikali. Aliyetibiwa katika hospitali yoyote ya umma na ahesabu miezi 12 na kumwona wakili mapema, hata kama bado ana matumaini ya kupona.

Wengi hupeleka malalamishi kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, KMPDC. Hiyo ni hatua njema. Baraza hilo, ambalo kabla ya mageuzi ya sheria ya 2019 lilikuwa bodi, lina mamlaka ya kuchunguza na kuwatia adabu madaktari pamoja na hospitali. Maafisa wa kliniki na wauguzi wana mabaraza yao. Matokeo ya uchunguzi yanaweza kumsaidia mdai. Lakini kazi kuu ya mabaraza ni nidhamu, wala mdai asidhani kwamba malalamishi yaliyo mbele yao husimamisha siku za korti kuhesabika.

Suala la ada nalo liwe wazi. Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya wakili kulipwa tu iwapo kesi itashinda. Anayeahidiwa huduma ya namna hiyo ajihadhari. Isitoshe, anayeshindwa kwa kawaida huamriwa kulipa gharama za mshindi. Asiye na uwezo anaweza kuuliza kwenye Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Kwa hivyo, kabla ya kukimbilia korti, jamaa na wakaketi na kalamu na kuandika mambo matatu: dalili gani ilianza saa ngapi, ni nani aliambiwa na akafanya nini, na mkojo ulikwama lini. Ikiwa hospitali iliambiwa kabla ya mkojo kukwama, na kulikuwa na muda wa kutosha kutenda, kuna dai la kupelekwa kwa wakili. Ikiwa mgonjwa alifika akiwa amekwisha kupooza kibofu, dai ni gumu, na wakili mwaminifu atasema hivyo.

Kwa upande wa hospitali, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumwuliza kila mgonjwa wa mgongo kama mkojo unatoka vyema, na kama anahisi anapojipanguza, hakuhitaji mashine wala bajeti ya kaunti. Jibu liandikwe, pamoja na saa. Na msomaji ambaye mgongo unamuuma na leo ameanza kuhisi ganzi pale panapokalia tandiko asingoje kupambazuke. Aende hospitalini sasa, na aseme wazi kuhusu mkojo na sehemu za siri hata asipoulizwa, maana fidia iliyo kubwa kupita zote haijamrudishia mtu kibofu.